Mkate Ulioporomoka Maskati: Uchambuzi wa Kisa cha Grupu la Mapishi ya Ukoo

Kisa hiki ni cha ukoo mmoja wenye asili ya pwani ya Tanga. Majina nimeyaondoa, mtaa sikuutaja, na programu ya simu iliyotutia hasara nimeiacha bila jina. Mimi ndiye niliyekuwa admini, kwa hiyo makosa mengine yaliyomo humu ni yangu, nami nitayataja pale yalipotokea. Nimekiandika kwa ajili ya wanaotaka kukusanya mapishi ya wazee wao kwa simu. Karibu kila ukoo ninaoujua una mtu wa kusema "tuanzishe grupu", na ni wachache wanaojua kinachofuata.

Usuli

Shangazi yetu mkubwa alifariki akaondoka na achari yake ya ndimu. Siku ya hitima mtu mmoja aliuliza nani anaijua, tukatazamana. Sote tulikuwa tumeila. Hakuna aliyewahi kukaa naye hadi mwisho, maana achari ile ilikaa juani siku nyingi na sisi tulifika siku ya kuonja tu. Jioni ile ile, kabla mabusati hayajakunjwa, grupu la WhatsApp likafunguliwa.

Tulikuwa watu 34: Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, binamu mmoja Uingereza, na tawi la Maskati. Hawa wa Maskati walitokea Unguja wakahamia baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Nyumbani kwao bado wanasema Kiswahili na bado wanakula wali wa nazi, ila vijana wao wamekulia kwenye oveni, nazi ya kopo na mchele wa basmati.

Tegemeo letu lilikuwa Bibi. Ana miaka 80 na ushei, na amepika kwenye harusi na maulidi tangu enzi za kuni na mafiga. Anasoma vizuri herufi za Kiarabu alizofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Hizi za Kirumi anazikokota moja moja. Simu yake ya kupangusa alinunuliwa na mjukuu, na alichojifunza upesi ni kitu kimoja, kubonyeza alama ya maikrofoni na kusema. Lau tungelizingatia hilo tangu mwanzo, nusu ya kisa hiki isingekuwepo.

Wiki tisa za voisi

Mwanzo ulikuwa mtamu. Bibi akishaswali alfajiri anakaa barazani, anabonyeza, anasema. Ya mkate wa kumimina ninayo mpaka leo, na naiandika kama alivyosema:

"Mchele uroweke tangu adhuhuri. Uoshe mpaka maji yasiwe kama maziwa. Uusage kwa tui, na tui liwe vuguvugu, likiwa la moto linaua hamira. Hamira ncha ya kijiko tu, usiku ni mrefu. Ufunike, ukalale. Alfajiri utaukuta umekungoja. Hapo ndipo utie sukari na iliki, upige, uuache upumue kidogo. Samli ishike moto kwanza kwenye sufuria, ndipo umimine. Moto chini mpaka uone matundu, halafu palia makaa juu."

Dakika 2 na sekunde 40, jogoo nyuma yake, na mtoto anayeomba shilingi 200 ya kwenda dukani. Watu waliisikiliza wakicheka, wengine wakilia. Kupika hakupika mtu.

Shida ikaja polepole. Voisi zilifika 61, na voisi haina jina. Ukitaka ile ya mbaazi za nazi unasikiliza ya pweza, ya vibibi, ya bokoboko, na maelezo marefu ya ugonjwa wa jirani. Wengine walikuwa wakiweka picha za sahani zao kwenye stetasi, ambayo hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo kilichowekwa Ijumaa usiku hakikuwepo Jumapili. Maswali yaleyale yakarudi kila wiki. Siku moja Bibi akajibu kwa sekunde tatu: "Si nilishasema?"

Programu yenye visanduku

Hapo nikaamua, peke yangu na kwa haraka, kuhamishia kila kitu kwenye programu ya mapishi niliyoipakua bure. Ilikuwa nadhifu. Kila pishi lilikuwa na kisanduku cha jina, idadi ya walaji, viungo kwa vipimo, muda kwa dakika, hatua, na picha. Kisanduku cha muda kilikuwa cha lazima. Usipokijaza, pishi halihifadhiki.

Kwa majuma mawili nilikaa na spika masikioni nikitafsiri Bibi kuwa visanduku. Aliposema ukufi, ambao ni ujazo wa kiganja kilichokunjuka, niliandika vijiko vikubwa viwili. Aliposema konzi, ambayo ni kiganja kilichofumba, niliandika vijiko vikubwa viwili vilevile, kwa kuwa programu haikujua tofauti na mimi sikutaka kuuliza tena. "Mpaka harufu igeuke" ikawa dakika 5. "Mpaka uone matundu" ikawa dakika 10. Na "ufunike, ukalale" ikawa dakika 480.

Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi. Simu ya Bibi ilikuwa imejaa, inaganda. Nikasema kwenye grupu kwamba mapishi yapo salama kwenye programu, kwa hiyo voisi zinaweza kufutwa. Mjukuu anayekaa naye akasafisha simu. Wengine wakasafisha za kwao, maana nani hataki nafasi. Tulipokuja kuzitafuta tena, kati ya voisi 61 tulipata 23 kwenye simu za watu mbalimbali. Zile nyingine watu walikuwa wameshazifuta, na faili ya WhatsApp ikishafutwa kwenye simu inabidi umwombe aliyeituma aitume upya. Aliyeituma alikuwa Bibi, na kwake zilishafutwa.

Mkate wa Maskati

Julai ile binti wa Maskati alitaka kumpikia mama mkwe mkate wa kumimina. Akafungua programu, akafuata kila kisanduku kama mtu anayejaza fomu ya pasipoti. Mkate ukatoka bapa, mgumu chini, mchachu, umezama katikati kama kiti kilichokaliwa. Akapiga picha akaituma kwenye grupu na maneno mawili: "Nimeaibika jama."

Chini yake zikashuka ushauri 19. Zidisha hamira. Punguza hamira. Tia yai. Mchele wako si wa Kyela. Mmoja, ambaye namjua hajawahi kusonga hata ugali, alimwambia anunue mashine bora ya kusaga. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja, mimi nikiwemo.

Kabla hilo halijatulia, likaja la pili.

Mikono ya Bibi mtandaoni

Mjukuu wa kiume wa miaka 19, ambaye Bibi humwita "mume wangu" kwa utani wao, alimrikodi akikuna nazi juu ya mbuzi na kukamua tui kwa kifumbu. Ilikuwa video nzuri, siwezi kumnyima hilo. Mwanga unapita dirishani, tui linashuka jeupe, ile pete ya fedha inang'aa kwenye maji. Akaipandisha kwenye mtandao wa video fupi, mahali ambapo kila mtu huona, bila kumuuliza mtu.

Sura ya Bibi haikuonekana. Ila mtaani pete ile inajulikana, na chungu chenye ufa uliozibwa kinajulikana zaidi. Baada ya siku mbili jirani alimpongeza dukani kwa kuwa maarufu. Kisha mtu akamsomea maoni, na hapo ndipo palipoharibika. Wapo waliosifu. Wapo waliouliza kwa nini hakuvaa glavu. Mmoja aliandika kuhusu masizi ya ukutani.

Kwa mgeni hilo ni dogo. Kwa mwanamke aliyelelewa kujua kwamba jikoni ni uani, na uani haingii asiyeitwa, aliona ameanikwa. Mjomba alipiga simu akafoka. Shangazi mdogo, ambaye huuza mikate ya kumimina kila Ramadhani, naye akawa na lake: mwisho wa video kijana alikuwa ameeleza namna ya kuupika, pamoja na jambo moja la samli ambalo wateja wake walikuwa wakilipia bila kulijua.

Bibi hakugombana na mtu. Aliacha tu kubonyeza. Kwa miezi miwili grupu halikupata sauti yake, na sisi tukaendelea kutumiana picha za pilau kana kwamba hakuna kitu.

Simu kando ya sufuria

Kijana alifuta video. Haikutosha, na hatukutegemea itoshe. Alisafiri kwenda Tanga na sanduku la halua, akafikia kwa Mjomba kwanza, wakaenda pamoja. Alipoingia alisema "Shikamoo Bibi" akabaki ameinama. Nimeambiwa alikaa muda mrefu kabla ya kuitikiwa marahaba, na kwamba halua ililiwa siku ya pili, si siku ile.

Aliyeifungua njia upya hakuwa mtu mzima. Ni mjukuu wa miaka 12 anayekaa na Bibi, ambaye alikuwa na kazi ya shule ya kueleza chakula cha nyumbani. Akaanza kumuuliza Bibi maswali ambayo sisi tuliona haya kuuliza. Kwa nini unasema bado? Umejuaje? Ukufi ni huu au huu? Mama yake alikuwa na mizani ya jikoni ya kupimia unga wa keki. Mtoto akaileta, akamwambia Bibi achote sukari kwa kiganja mara tano bila kuangalia namba. Zikatoka gramu 39, 41, 38, 40, 41.

Niliposimuliwa nilijipima mwenyewe nikapata 52. Kwa kilo ya mchele Bibi hutia kufi nane, yaani karibu gramu 320. Kwa mkono wangu zingefika zaidi ya 400. Kwa vile vijiko vyangu viwili vya programu, zisingefika hata 220. Miaka yote tulikuwa tukisema Bibi hukisia. Aliyekuwa akikisia ni mimi.

Ndipo binti wa Maskati akaomba kupiga simu ya video, akiwa na unga wake mwingine umeshaharibika kwenye bakuli. Mazungumzo yao yalirikodiwa kwa ruhusa, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoirudia mara nyingi:

"Uliuacha wapi?"

"Jikoni, Bibi."

"Pana baridi au joto?"

"Joto. Kiyoyozi tunazima usiku."

"Ulipoamka ulikuwaje, umejaa au umeshuka?"

"Umeshuka. Lakini pembeni ya bakuli kuna alama ulipofikia."

"Hiyo alama iko juu sana?"

"Karibu na mdomo wa bakuli."

"Basi uliumuka vizuri, ukakungoja, ukachoka. Wewe ulikuwa umelala."

Ndicho kilichoupata na ule mkate wa kwanza. Kwa pwani ya Tanga, Julai ni kusi. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20. Maskati mwezi huohuo usiku huwa kwenye nyuzi 30 au zaidi. Hamira ileile, ncha ya kijiko ileile, inafanya kazi upesi zaidi kwenye joto lile. Unga ulifika kileleni pengine saa sita za usiku, ukapoteza hewa na kuchacha mpaka alfajiri. Dakika 480 zilikuwa kweli barazani kwa Bibi na uongo kila mahali kwingine. Na si yeye aliyezisema, ni mimi.

Bibi akaendelea. Akataka kuona kopo la tui. Lilikuwa zito kuliko tui lake, na limetiwa kitu cha kulizuia lisijitenge, kwa hiyo akaamrisha liongezwe maji "mpaka lianguke kwenye upawa kama uji wa mgonjwa". Akauliza moto wa oveni unatoka wapi. Ulikuwa wa chini tu, na bati lilitiwa unga likiwa baridi, ndiyo maana chini pakaganda na juu pakabaki mbichi. Akasema bati lipashwe na samli kwanza, na matundu yakionekana uwashwe moto wa juu. Makaa ya juu, kwa lugha ya oveni.

Jambo la mwisho lilitushangaza sote. Siku nyingine binamu wa Uingereza alikuwa akikaanga vitunguu vya pilau, na kamera yake ilikuwa imejaa mvuke. Bibi akasema aachane na picha. "Sogeza simu kwenye sufuria. Nyamazeni." Tukanyamaza, watu sita katika nchi tatu. "Bado, hicho kina maji. Sikiliza kinavyolia." Baada ya kama dakika nne ule mlio mnene ukawa mwembamba, mkavu. "Haya. Sasa tia thomu."

Maamuzi na sababu zake

Baada ya hapo tulikaa, wakubwa na wadogo, tukakubaliana mambo machache.

Programu ya visanduku tuliiacha. Tulitafakari kutafuta nyingine bora, lakini niliona tatizo litabaki: programu za aina hiyo zinadai namba mahali ambapo mpishi ana alama. Badala yake kila pishi likapewa folda moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ndani yake mna voisi fupi, moja kwa kila hatua, isiyozidi dakika moja, na faili imepewa jina la hatua hiyo. Mna picha ya ile alama: rangi ya kitunguu, matundu ya mkate, unga unavyoanguka kutoka kwenye upawa. Mna uzito kwa gramu kama ulivyotoka kwenye mkono wa Bibi, na pembeni neno lake mwenyewe, ukufi au konzi. Nakala ya pili ipo kwenye flashi iliyofungiwa kabatini kwa Mjomba. Nilitaka ya tatu, nikaambiwa nisizidishe.

Majina yakaandikwa yote. Huu mkate ni wa kumimina kwa Unguja na kwetu, ni wa sinia kwa ndugu wa Mombasa. Viungo vilitutesa zaidi. Bibi akisema bizari kwenye pilau ana maana ya nyembamba, ambayo wa Unguja huiita uzile. Binamu wa Uingereza alikuwa ametafuta neno hilo kwenye simu, akapewa manjano, akala pilau ya njano kwa mwezi mzima akidhani ndiyo ya kwao. Tangu hapo kila kiungo kina picha yake.

Kuhusu kinachotoka nje ya ukoo, tulikubaliana kwamba mwenye mikono ndiye mwenye neno. Bibi huulizwa kila mara, na kila video, hata kama ameshakubali nyingine kumi. Alikubali mbaazi na samaki wa kupaka vionyeshwe. Jikoni kwake hapana. Hurikodiwa barazani, na chungu chenye ufa kimestaafishwa kwenye kamera. Sijui kama ni kwa haya au kwa mapenzi.

Shangazi mdogo alikataa lile jambo la samli lirudiwe hata ndani ya grupu. Baadhi ya vijana walikasirika: urithi ni wa wote. Mimi nilisimama naye. Ramadhani moja humlipia ada ya mtoto, na oda zake huja kwa WhatsApp hiyohiyo. Kama tunataka atufundishe bure kitu anachokiuza, tulikuwa na wajibu wa kumuuliza atakula nini. Folda ya mkate ina hatua moja iliyoachwa wazi, na chini yake imeandikwa namba ya kuagizia.

Matokeo

Tulikuwa tumeorodhesha mapishi 40. Mwaka mmoja tangu mazungumzo ya Maskati, 27 yalikuwa na folda kamili. Voisi 38 za mwanzo hazikurudi. Kumi na kitu Bibi alizisema upya, lakini si zilezile, na maelezo ya mapishi mawili ya harusi za zamani yalipotea kwa sababu hata yeye hakukumbuka alichokuwa amesema. Achari ya Shangazi haikupatikana. Watatu walijaribu, Bibi akaonja, akasema ni nzuri lakini si yake.

Kipimo tulichokuja kukiheshimu kilikuwa kingine: ni wangapi wanaweza kupika bila kupiga simu. Pilau ya ukoo wapo 11. Vitumbua wapo sita. Mkate wa kumimina wapo wanne, na mmoja wao ni mwanamume, yule wa video.

Uchambuzi

Tuliamini tunakusanya mapishi, na kila chombo tulichochagua kilikuwa chombo cha kutangaza: mtu anasema, wengine wanapokea. Voisi zile 61 zilikuwa redio. Programu ilikuwa kitabu. Video ilikuwa runinga. Katika wiki tisa zile za utamu hakuna aliyepika, na kwa kuwa hakuna aliyepika hakuna aliyekosea, na kwa kuwa hakuna aliyekosea Bibi hakujua nini hatukijui. Zamani msichana alijifunza akiwa na mwiko mkononi, na mzee nyuma yake akisema bado, bado, haya. Pishi lilipita kwa njia ya kusahihishwa. Simu ilianza kutusaidia siku ilipopewa kazi hiyo ya kusahihisha, na hatukuhitaji programu mpya. Ilikuwa simu ileile na grupu lilelile.

Kwa nini tulichelewa kuliona? Sababu moja ni adabu. Mtu mzima akisema, unaitikia. Kumuuliza Bibi "umejuaje?" kunasikika kama kumjadili, na sisi wenye miaka 30 na 40 tulinyamaza, kisha tukaziba mapengo kwa namba zetu. Mtoto wa miaka 12 ana ruhusa ya kuuliza. Kenya ilipoorodhesha vyakula vya asili iliwashirikisha kwa majaribio wanafunzi wa shule za msingi, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza kazi hiyo ya Kenya kwenye rejesta yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Nilipolisoma hilo sikushangaa tena kwa nini mizani yetu ililetwa na mtoto.

Namba zenyewe sizikatai. Gramu 40 za ukufi ni kitu cha thamani. Binamu wa Uingereza asiye na Bibi karibu ana pa kuanzia. Kosa langu lilikuwa kuweka namba mahali pa alama, na kuchagua namba bila kumpima mpishi. Kiasi cha sukari kinasafiri. Muda wa kuumuka hausafiri, kwa kuwa ni habari ya hali ya hewa iliyojificha ndani ya pishi. Ningeanza upya leo, ningepitia kila hatua nikiuliza hilo tu: hiki kitabaki kweli mtu akiwa mahali pengine?

Kufuta voisi ni uzembe, sina la kuutetea. Ilinipasa kuhifadhi kwanza nakala, hata kwenye kompyuta moja. Bando la kupandisha voisi 61 lingenigharimu chini ya kilo ya mchele.

La video ni gumu zaidi, na bado hatuelewani. Kijana anasema bila yeye watu wasingejua kwamba kuna kifumbu, na kweli, wapo vijana wa ukoo huu ambao neno hilo walilisikia mara ya kwanza kwenye video yake. Mjomba anasema heshima ya mama haipimwi kwa watazamaji. Mimi naona tulitumia grupu kana kwamba uaminifu unakuja pamoja na namba ya simu. Hatukusema mapema nini ni cha ndani. Kijana aliyekulia mtandaoni alidhani kila kizuri ni cha kuonyeshwa, na hakuna aliyemwambia vingine mpaka alipokwisha kukosea.

Kuna lililobaki nje ya uwezo wa simu. Haileti harufu, na Bibi anategemea pua kuliko jicho. Haileti uzito wa unga kwenye mwiko. Na picha hupigwa upande mzuri tu. Binti wa Maskati, safari ya nne, alituma mkate umepanda, dhahabu juu, matundu kama sega la asali. Grupu zima likampigia vigelegele kwa emoji. Baada ya saa moja ikaingia voisi ya sekunde mbili kutoka Tanga:

"Geuza nione chini."